Mtu Aliyeuza Maisha

Nilikuwa uani nachambua mbegu za maharage, nikitenga zilizotobolewa na wadudu, simu ilipoita na sauti ya mwanamke ikaniamkia shikamoo kwa ule upole ambao watu huutumia wakiwa na jambo zito. Alikuwa binti mkubwa wa mtu ambaye ninyi wasomaji wangu hamumjui, na ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini nimejitahidi msimjue. Aliniambia baba yake amefariki alfajiri ile hospitalini, baada ya kusumbuliwa na figo tangu wakati wa mavuno. Kisha akasema, "Ameacha neno kwako, Mwinjilisti. Alisema wewe ndiye uombe kaburini. Akasema pia kama utakuwa na la kusema, upewe nafasi. Na kama huna, tusikulaumu." Nilimshukuru, nikamwombea faraja, nikakata simu. Halafu nikakaa na ungo magotini mpaka kuku wakaanza kudonoa mbegu nzuri, nami nawatazama tu.

Katika safu hii nimewaaga watu wengi. Nimemuaga mkunga aliyezalisha nusu ya kata, nimemuaga mwalimu wangu wa chuo cha Biblia, nimemuaga hata yule fundi baiskeli aliyekuwa akinitukana kila nikipita. Namshukuru Mungu kwamba amenipa umri wa kuwasindikiza na kalamu ya kuwakumbuka. Lakini huyu wa leo naandika kwa mkono mzito, kwa kuwa siwezi kumsimulia yeye bila kujisimulia mimi, na mimi katika habari hii si mtu mzuri.

Alikuwa kijana wa familia ya wafanyabiashara karibu na Sirari, nusu ya ndugu zake wakiwa upande wa pili wa mpaka, Isebania. Alikuja machimboni kwetu katika miaka ile ya dhahabu, wakati senta yetu ilikuwa inabadilika kabla hujamaliza kuizoea. Juzi palikuwa shamba la mtama, leo pana saluni, bucha, duka la makarai na kamba, na mashine za kusaga mawe zikinguruma hata ukiwa katikati ya sala. Mimi nilikuwa mwinjilisti wa kanisa dogo la miti na mabati pale senta. Yeye alichimba kama wengine, akapata kidogo, na hapo ndipo alipoanza kutofautiana na wengine. Waliopata walioa mke wa pili, au walinunua ng'ombe, au walikunywa mpaka dhahabu ikaisha wakarudi shimoni. Yeye alinunua jenereta, runinga na mashine ya gemu.

Wenye wajukuu mnajua ninachosema. Wengine niwaeleze: ni kiboksi kinachounganishwa na runinga, mtu anashika kidude cha vitufe kiitwacho pedi, na vikaragosi ndani ya runinga vinakimbia, vinaruka na kupigana kwa amri ya vidole vyake. Siku hizi mchezo huo uko kwenye simu ya kila kijana. Wakati ule, pale kwetu, ilikuwa ni ajabu. Mashine yake ya kwanza ilikuwa ya zamani, ya kuchomeka kaseti, na wachimbaji walipenda kuicheza wakitoka zamu, wakiwa bado na vumbi la mawe kwenye nyusi. Kisha binamu yake wa Isebania akampelekea taarifa kwamba imetoka mashine mpya kabisa, ya sahani badala ya kaseti, ambayo wachezaji wa mpira ndani yake wanafanana na watu na uwanja mzima unapiga kelele. Akatumia kila alichokuwa nacho kuinunua. Akauza hata ile ya zamani.

Sasa hapa ndipo nilipogundua, nikiwa nimechelewa sana, kwamba mtu huyu alikuwa na akili ambayo mimi niliyesoma sikuwa nayo. Mashine ilifika, lakini hakuizindua. Ilikaa kwenye boksi lake, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha meza, wiki moja, wiki mbili. Watu walimsumbua. Wengine walimwambia boksi ni tupu. Sababu ilikuwa moja: mashine ilikuja na pedi moja tu, na ya pili ilikuwa bado kwa binamu. Kila akituma ujumbe Isebania alijibiwa kwa Kiswahili cha kule, wacha presha, hiyo kitu iko njiani. Nilimkuta siku hizo kwa mama lishe, mwanamke aliyekuwa akiwapikia wachimbaji ugali na dagaa, nikamuuliza kwa dhihaka kama ameamua kufuga boksi. Alicheka. Akaniambia hivi, na nimeyakumbuka maneno yake tangu wakati huo: "Mwinjilisti, pedi moja ni mtu na runinga yake. Pedi mbili ni senta nzima. Watu hawatakuja kuona mashine. Watakuja kumwona fulani akifungwa na fulani."

Ndivyo alivyopanga. Mchezo wa kwanza ungekuwa mpira wa miguu, kwa kuwa hakuna mtu wa kufundishwa mpira ni nini. Wachezaji wa kwanza wangekuwa wachimbaji wawili wenye maneno mengi kuliko wote pale senta, wa koo mbili ambazo miaka ile zilikuwa zinachukuliana ng'ombe na kukatana mapanga mpakani mwa mashamba. Wazee wa jadi walipolisikia walimwita kwenye ritongo, mkutano wao wa hadhara, wakamhoji. Aliwaeleza kwamba hao wawili watakaa benchi moja, bega kwa bega, na kupigana kwa vidole. Wazee walitazamana, wakacheka, mmoja akasema kama ni kwa vidole tu, basi wapigane mpaka wachoke. Wakampa ruhusa. Wazee wale, ambao mimi mimbarini niliwaita watu wa gizani, waliuliza kwanza, ndipo wakaamua. Mimi sikuuliza.

Wiki ile ile duara moja liliporomoka. Duara ndilo shimo la kuchimbia, na lile liliwafukia wanaume wawili. Nilizika mmoja wao kwa mikono yangu. Ni lazima mwelewe hali ya watu ilivyokuwa. Palikuwa na imani, na bado ipo, kwamba dhahabu haitoki bure, kwamba mwenye bahati shimoni amemtoa mtu kafara. Mchimbaji akipata, majirani walikumbuka nani alikufa kwao mwaka ule. Na sasa walikuwa wamekufa wawili kwa mkupuo, na kila mtu alikuwa anamtafuta aliyewauza.

Alhamisi mchana, nikitoka kumfariji mjane, nilipita nyuma ya kibanda cha gemu. Kilikuwa cha mabati ya bluu, mlango umefungwa, jenereta ikiunguruma. Nikasikia sauti mbili ndani.

"Huyo ameshakufa."

"Mfufue basi."

"Maisha yake yamekwisha. Nikupe mengine?"

"Nipe matatu. Ila duarani wasijue."

Nilisimama pale na jua kichwani. Sikugonga. Ingenigharimu hatua nne kufika mlangoni na kuchungulia, nami leo nina hakika ningekuta wanaume wawili wazima wamekodoa macho kwenye runinga, wakijaribu mashine mpya kwa pedi moja, mmoja wao akiwa ametoroka zamu na hataki wenzake wa duarani wajue. Gemu nyingi huwa hivyo: unapewa maisha matatu, yakiisha umetolewa, unaanza upya. Ni namna ya kuhesabu tu, kama mabao ya bao. Lakini mimi nilikuwa mtu wa maneno mazito, na neno maisha nililijua kwa maana moja peke yake. Nilitembea mpaka nyumbani nikiomba kwa sauti.

Mchungaji alikuwa semina, kwa hiyo Jumapili ile niliongoza ibada mimi. Kanisa lilijaa mpaka nje kwa sababu ya msiba. Nilikuwa nimeandaa somo la faraja, nikaliacha. Nikasema yuko mtu katikati yetu anayeuza maisha. Nikasema nimemsikia kwa masikio yangu mwenyewe akimwambia mmoja ya kwake yamekwisha na akimpa mwingine matatu, kwa siri, duarani wasijue. Sikutaja jina. Nilitaja mabati ya bluu. Kanisa likanyamaza jinsi ambavyo halikuwahi kuninyamazia, hata watoto mgongoni, na Mungu anisamehe, niliufurahia ukimya ule. Niliona nimepata nguvu. Nilitoa baraka, tukaimba, watu wakatoka bila kuagana.

Uzinduzi ulikuwa umepangwa saa tisa mchana ule ule, kwa kuwa Jumapili wachimbaji wengi hupumzika. Pedi ya pili ilikuwa imefika asubuhi kwa pikipiki. Alikuwa ameazima mabenchi kwa mwenye bucha, akayapanga nje kwa safu, akatandika kanga mlangoni kama pazia. Ninasikia siku hizi kampuni za ng'ambo zinazindua mashine kama hizi kwa taa na muziki, watu wakipanga foleni. Sijui wanapata watu wangapi. Najua kwamba yeye alipata senta nzima. Walikuja wanaume, walikuja wanawake wenye vitenge vya msiba, walikuja watu wa maduara ya mbali, wote kwa mpigo, wakikijaza kile kiwanja mpaka barabarani. Naye alipousikia mshindo wa miguu alitoka ndani akitabasamu, pedi moja mkono huu, nyingine mkono huu, akazinyanyua juu ili wote wazione.

"Karibuni, karibuni," alisema. "Tusisukumane. Pedi ya pili imefika."

Nilikuwa nyuma ya umati, karibu na ukuta wa bucha. Nilitaka kushuhudia uovu ukifichuliwa. Mtu wa mbele akamwambia atoe maisha anayouza wayaone. Akacheka, akidhani ni utani, akasema maisha yako ndani, ingieni. Hilo ndilo jibu lililowasha moto. Yule kijana aliyekuwa naye Alhamisi alipaza sauti kwamba ni gemu, ni maisha ya gemu, hamjui gemu ninyi? Mimi nilimsikia. Nilikuwa mbali kuliko wengi na nilimsikia vizuri, na papo hapo, kama mtu aliyevuliwa kitambaa machoni, nilielewa kila neno la Alhamisi. Nilielewa kabla jiwe la kwanza halijarushwa.

Wasomaji wangu, kama kuna mahali pa kufunga macho, ni hapa. Watu wale wangenisikiliza. Walikuja kwa neno langu, wangeondoka kwa neno langu. Ningepanda juu ya benchi la bucha na kusema nimekosea, nilisikia vibaya, rudini nyumbani. Lakini nilifikiria Jumapili ijayo. Nilifikiria ule ukimya wa asubuhi na jinsi ambavyo nisingeupata tena. Nilifikiria vicheko. Nikasimama ukutani, nikaitazama runinga ikitolewa na kupasuliwa kwa sululu, mashine ikikanyagwa, mabati ya bluu yaking'olewa. Aliyemwokoa si mtu wa kanisa. Ni yule mama lishe. Alipita katikati ya wanaume na mwiko wake mkononi, akasimama mbele yake, na hakusihi wala hakulia. Aliwauliza swali.

"Huyu anakula kwangu mwaka wa pili. Mchawi gani anatoa machozi kwa pilipili?"

Mtu mmoja akacheka. Kisha wa pili. Mwingine akasema kweli, nimemwona, anaomba maji kama mtoto. Hasira ikikaribisha kicheko haiwezi kukaa nacho nyumba moja. Katika kicheko hicho mama alimshika mkono akampitisha jikoni kwake, na kabla jua halijazama alikuwa kwenye lori la mkaa lililokuwa linaenda upande wa Serengeti. Alibakiwa na shati alilovaa na pedi moja, ambayo waya wake ulikuwa umekatika.

Mimi nilikwenda nyumbani. Jumapili iliyofuata nilihubiri juu ya subira.

Ilinichukua miezi kumi kumtafuta. Nilimkuta kijijini Issenye, akitengeneza redio chini ya kibaraza cha duka la mbegu. Alisimama, akaniamkia shikamoo, akaniletea kigoda. Nilimweleza yote, hatua zile nne nilizoshindwa kuzipiga na ule ukuta wa bucha. Alinisikiliza bila kuacha kazi, akipulizia vumbi kwenye redio ya mtu. Nilipomaliza akasema hana kinyongo, amekwisha mwachia Mungu. Akaongeza kwa sauti ile ile, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Ila Mwinjilisti, uliposema, walisikia wengi. Umeomba msamaha, nimesikia peke yangu." Nikamwahidi nitaliweka sawa. Nilimwahidi nikiwa nimemshika mkono.

Miaka michache baadaye alipata mashine nyingine kupitia binamu yule yule. Safari hii ilikuja na pedi zake mbili. Akanitumia salamu: anazindua, nije. Nilidhani anataka sala. Nilipofika nilikuta mabenchi yamepangwa, na mbele ya mabenchi pamewekwa viti viwili vya heshima, kimoja cha kwangu na kingine cha mzee mmoja wa jadi, mfugaji, mtu mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Alikuwa ametangaza kata nzima kwamba Jumamosi Mwinjilisti atacheza mpira na Mzee wa Ritongo. Watu walikuja hata kutoka ng'ambo ya mto. Nilishika pedi. Nilijifunga bao mwenyewe, mzee akanifunga mengine mawili, na kila bao lilipoingia aligonga fimbo chini na kusema, "Nyumba ya Bwana haina mlinzi leo." Watu walicheka mpaka wakaanguka kwenye mabenchi. Hata akina mama waliokuja kuwakataza waume zao walibaki kuangalia. Kuanzia siku ile hakuna aliyeiogopa mashine ile Issenye, na kibanda chake kilidumu, kikifungwa wakati wa masomo na wakati wa ibada, miaka mingi.

Nimelitafakari sana jambo hilo. Watu hudhani kitu kipya hushinda kwa upya wake. Nimeona mbegu mpya, majiko mapya, hata nyimbo mpya za kanisa, vyote vizuri, vikifa kwa kukosa pedi ya pili, yaani kwa kukosa nafasi ya jirani kukaa na kushika naye. Marehemu alilijua hilo tangu machimboni. Alichojifunza baadaye, kwa mkono wangu, ni kwamba kabla ya kumkaribisha mwenye kupenda, mkaribishe mwenye kuogopa, umpe kiti cha mbele. Mtu aliyeshika kitu kwa mikono yake hawezi kwenda kukisemea uongo. Mimi ningepewa pedi Alhamisi ile, nisingekuwa na hubiri Jumapili.

Lakini msinisifu kwa kicheko cha Issenye, kama nilivyojisifu mimi. Nilirudi nyumbani siku ile nikijiona nimelipa. Nilikuwa nimechekwa mbele ya watu, nikahesabu kwamba hiyo ndiyo toba. Haikuwa. Watu wa Issenye hawakusikia hubiri langu, kwa hiyo hapakuwa na cha kurekebisha kwao. Waliosikia walikuwa kule senta ya machimbo, na kule jina lake lilikuwa limebaki Muuza Maisha. Hakukanyaga tena pale. Akienda Sirari kununua vipuri alizunguka njia ndefu. Nilijua hayo, nikaendelea kupita pale senta kila mwezi, nikinywa chai na watu wale wale, na kila mara niliahirisha. Nilisema nitangoje mchungaji mpya. Nilisema nitangoje mkutano wa injili. Kisha nilihamishwa, nikasema sasa si kanisa langu tena.

Halafu ikaja habari ya binti yake, huyu aliyenipigia simu. Alipatikana mchumba, kijana mzuri, wazazi wake watu wa senta ile. Washenga wakaja mara moja, wakala, wakapanga siku ya kuleta ng'ombe. Siku ikafika, ng'ombe hawakuja. Kuna mtu kwao alikuwa ameuliza, baba yake si ndiye yule wa maisha? Marehemu alinieleza mwenyewe, bila kunilaumu, tukiwa tumekaa kwenye kibaraza chake. Alisema tu kwamba binti hali chakula. Nilimwambia tumwombee. Tukaomba. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na nauli, nilikuwa na kinywa, nami niliomba. Namshukuru Mungu kwamba binti aliolewa baadaye na mtu wa Ikoma anayefanya kazi kwenye hoteli za watalii, na wana watoto watatu. Lakini neema ya Mungu kwa yule binti si kazi yangu, na siwezi kuitia mfukoni.

Tulimzika Jumatano. Nafasi nilipewa, kama alivyoagiza. Walikuwepo watu wa Issenye, ndugu wa Isebania, na kundi dogo la watu wa senta waliokuja na gari la kukodi. Nilisimama ukingoni mwa kaburi nikafungua kinywa. Niliomba sala nzuri. Kila mtu alisema ilikuwa nzuri. Binti alinitazama mpaka mwisho wa amina, kisha akatazama chini.

Wakati wa chakula mama lishe, ambaye sasa ni bibi anayetembelea fimbo, alikuja akakaa karibu nami na sahani yake. Hakunisalimia. Aliuliza kama nimesema ukweli kule kaburini. Nikamwambia nilitaka kusema, lakini watu wengi siku hizi hawakumbuki, na wanaokumbuka labda bado wanaamini, na pengine si vyema kufukua mambo msibani. Alitafuna taratibu mpaka akamaliza.

"Tata," alisema, akiniita baba kwa heshima ya Kikurya ambayo sikuistahili, "nani alikuambia tuliamini? Tulijua siku ile ile. Kila mtu alijua kabla ya kulala. Lakini neno lilitoka madhabahuni. Nani wetu angelirudisha?"

Kwa miaka yote hiyo nilidhani ninaogopa kuwaambia watu jambo wasilolijua. Kumbe walikuwa wananingoja niwaambie wanalolijua, ili waweze kuliacha. Hata wale washenga. Walijua ni mchezo, lakini nani angemchukulia mwanawe mke kwa mtu ambaye kanisa lilimhukumu na halijamwachilia?

Jumapili iliyopita nilipanda basi nikaenda. Kanisa lile sasa ni la matofali, lina spika na kinanda. Nilimwomba mchungaji, kijana mdogo, dakika tano baada ya matangazo. Nilisimama upande ule ule nilipowahi kusimama, nikataja jina lake lote, la kwake na la baba yake, nikasema nilimsingizia, nikasema kwamba nilijua kabla jiwe halijarushwa na nikanyamaza. Nilipofika kwenye neno maisha, vijana wa kwaya walicheka, wakadhani ni utani, kwa kuwa kwao neno hilo halina jambo la kutisha. Wanalo kwenye simu zao mfukoni. Sikuwakasirikia. Niliwatafuta kwa macho waliosikia hubiri la kwanza. Kati ya watu waliolijaza kanisa mpaka nje siku ile, nilipata nyuso saba. Wengine wamehama na dhahabu, wengine wako makaburini, na wamekwenda nalo neno langu kama nilivyowapa. Bibi yule wa mwiko alikuwa safu ya tatu. Alisema amina, moja tu, akafunga kitabu chake cha nyimbo.

Jioni nilimpigia simu binti, nikamweleza nilikokwenda. Akasema, "Asante, baba. Ningependa angekuwepo."

Hili ndilo nililojifunza, na nimelilipia kwa mali ya mtu mwingine. Kosa ulilolitenda mbele ya wengi usiende kulitubu kwa mmoja ukadhani umemaliza. Lirudishe pale pale ulipolitolea, na ulirudishe wakati masikio yaliyolisikia bado yako hai. Marehemu alinifundisha kwa mashine yake kwamba mchezaji akikosea hupewa maisha mengine, na mengine tena. Mimi nilipewa hayo. Nilipewa Issenye, nilipewa siku ya washenga, nilipewa kaburi. Jina lake lilikuwa na maisha mamoja tu, nami ndiye niliyekuwa nimeyashika.